Muhula mmoja Ulaya: chagua kozi kwanza, mji baadaye

Swali:

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, shahada ya biashara. Kitivo chetu kimenipitisha kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kuanzia Septemba mwakani. Nimepewa miji mitatu niipange kwa kipaumbele: Copenhagen (Denmark), Mannheim (Ujerumani) na Milan (Italia). Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema Milan ndiko kwenye raha, mwingine anasema Ujerumani kwa sababu nitapata kibarua, wa tatu anasema nisiende kabisa, nitarudi nyuma mwaka mzima. Nitapata fedha za Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili masomo ya nje, lakini wazazi wangu hawana cha kuongeza zaidi ya kidogo. Nichague wapi, na nijiandae vipi nisije nikapoteza mwaka?

Jibu:

Marahaba. Huyo anayekutisha habari ya kurudi nyuma mwaka mzima, msikilize kuliko wenzake. Raha ya Milan ipo na vibarua vya Ujerumani vipo, lakini yeye ndiye aliyegusa jambo ambalo likienda kombo huwezi kulinyoosha ukiwa umeshafika. Nimekaa miaka mingi upande wa meza inayosaini mikataba ya masomo, ya wanafunzi wanaotoka na wanaoingia. Wanaoumia si wale waliochagua mji wa baridi au wa gharama. Ni wale wanaosoma muhula mzima, wanafaulu vizuri tu, wanarudi na karatasi yao, kisha idara inawaambia: kozi hizi hatuzitambui, kaa usome zetu pamoja na wanaokufuata.

Kwa hiyo orodha ya miji iweke pembeni kwanza. Chukua mtaala wa shahada yako, fungua muhula ambao hutakuwepo, uandike kila kozi inayofundishwa humo: zipi za lazima, zipi za hiari, na zipi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Hizo za mwisho ndizo za kuogopa. Kama kozi ya lazima inatolewa Septemba pekee, na bila hiyo huruhusiwi kuingia kozi fulani ya mwaka wa mwisho, basi ama uipate Ulaya ikiwa na maudhui yaleyale, ama umwombe mratibu wa mpango huu chuoni kwenu akusogeze uende muhula wa Februari. Kuomba hakuna gharama. Muhula mzuri wa kuondoka ni ule wenye kozi nyingi za hiari, hata kama rafiki zako wote wanaondoka muhula mwingine.

Kozi za biashara hazihamishiki kwa urahisi uleule. Masoko, mkakati, fedha za kampuni, usimamizi wa ugavi, tabia za watu kazini, hizi zinafanana karibu kila mahali, na mkuu wa idara akisoma muhtasari anaridhika. Kodi na sheria za biashara ni mali ya nchi; ukisoma kodi ya Denmark umesoma Denmark, basi. Uhasibu uko katikati, na ndiko watu wanakonaswa. Tangu 2005 makampuni yaliyoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Umoja wa Ulaya huandaa hesabu zao za kundi (kampuni mama pamoja na kampuni zake tanzu) kwa viwango vya kimataifa vya IFRS, kwa hiyo mtu hudhani uhasibu wa kule ni uleule wa kitabu chake. Lakini hesabu za kampuni mojamoja Ujerumani hufuata kanuni ya biashara ya nchi hiyo, HGB, na kozi ya uhasibu inaweza kuwa imejengwa juu ya hiyo. Jina la kozi halitakuonyesha. Pakua muhtasari wenye mada za kila wiki, uusome wewe mwenyewe, ndipo umpelekee mwalimu wako wa uhasibu aweke saini.

Kuhusu uzito wa kozi, kule wanahesabu kwa ECTS, pointi za pamoja za vyuo vya Ulaya. Mwaka mzima ni 60, muhula ni 30, na kila moja inawakilisha kazi ya saa 25 hadi 30, ikijumuisha darasa, kusoma peke yako na mtihani. Maana yake muhula kamili ni saa 750 hadi 900 za kazi. Copenhagen Business School kozi nyingi zina ECTS 7.5, kwa hiyo nne zinatosha. Pengine utakuta kozi za 6, na hapo unahitaji tano. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka unapokaa na idara kulinganisha: kama kwenu muhula ni kozi sita, kozi nne za Copenhagen zitafidia zipi? Wengine hukubali jumla ya uzito, kwamba 30 za kule ni sawa na muhula mzima wa hapa. Wengine hung'ang'ania kozi kwa kozi. Lijue hilo kabla hujapanga miji, kwa sababu idara ya kozi kwa kozi inaweza kukufungia Copenhagen yote.

Yote hayo yanaishia kwenye mkataba wa masomo, karatasi yenye saini tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea. Chini ya Erasmus+ chuo chako kikishausaini kimekubali kuzitambua kozi hizo ukifaulu. Usipande ndege bila hizo saini tatu. Tena weka ndani yake kozi za akiba ambazo mratibu ameshaziridhia, kwa maana ukifika utakuta moja imejaa, nyingine imefutwa, na mbili zinagongana saa ileile ya Jumanne. Marekebisho yanaruhusiwa katika wiki za mwanzo za muhula, lakini nayo yanataka saini zote tatu upya. Mwalimu akikujibu kwa ujumbe wa simu "haina shida, chukua tu", mshukuru, kisha mwombe asaini. Mwakani anaweza kuwa likizo ya masomo, na atakayekaa kwenye kiti chake hana habari na ujumbe wenu.

Sasa jambo ambalo wanafunzi hawaliulizi mapema: alama. Miji yako mitatu ina mizani tatu ambazo hazina uhusiano wowote.

Denmark wanatumia alama saba: −3, 00, 02, 4, 7, 10 na 12. Ndiyo, kuna alama hasi, na hapana, hakuna 5 wala 9. Kufaulu kunaanza 02. Kumi na mbili ni kazi bora kabisa, na 7 ni kazi nzuri ya mwanafunzi wa kawaida, inayolingana na C kwenye mizani ya Ulaya. Ujerumani mambo yamepinduliwa: 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umeanguka. Italia mtihani ni kati ya 30, kufaulu kunaanza 18, na aliyefanya vizuri kupita kiasi huongezewa sifa ya "lode" juu ya 30 yake.

Fikiria karani wa ofisi ya mitihani aliyekabidhiwa karatasi yako na kikokotoo. Akigawa 7 ya Denmark kwa 12 anapata asilimia 58, na kwenye vyuo vingi hiyo ni alama ya mtu aliyeponea chupuchupu. Akigawa 24 ya Italia kwa 30 anapata asilimia 80, wakati Waitaliano wenyewe wanaiona 24 kuwa ya katikati, kwa sababu kwao mizani inaanza 18. Wanafunzi wawili wa uwezo uleule, mmoja ameangushwa na hesabu, mwenzake amebebwa. Na hiyo 1.3 ya Ujerumani, ambayo ni nzuri sana, sitaki hata kuwaza itasomwaje na mtu asiyejua kwamba mizani imegeuzwa kichwa chini.

Njia ya haki ni kulinganisha mgawanyo: asilimia ngapi ya wanafunzi wa kule hupata 10 na zaidi, na asilimia ngapi ya wanafunzi wa kwenu hupata A. Vyuo vya Ulaya vinavyofuata mwongozo wa ECTS huweka majedwali ya mgawanyo huo, na unaweza kuyaomba yaambatanishwe na matokeo yako. Lakini kazi ya kwanza ni nyumbani. Nenda ofisi ya mitihani uulize, kwa maandishi: alama zangu za nje zitabadilishwa kwa jedwali gani, na je, zitaingia kwenye wastani wangu wa shahada au zitaandikwa "amefaulu" tu? Wakijibu kwamba ni "amefaulu" tu, umepewa zawadi kubwa. Unaweza kuchukua kozi ngumu ya fedha ambayo ungeiogopa kwenu, kwa sababu kupata alama ya wastani hakutakuharibia kitu. Wakijibu kwamba zinaingia kwenye wastani, panga kwa tahadhari zaidi, na jedwali lao lipate kabla ya kusaini mkataba.

Kinachofuata ni kalenda. Ujerumani kwa desturi muhula wa baridi unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi; vipindi huisha Februari na mitihani iko hapohapo. Mwanafunzi ambaye muhula wake wa pili nyumbani unaanza Januari anajikuta yuko sehemu mbili. Mannheim wamejitoa kwenye desturi hiyo. Kwao muhula wa vuli huanza Septemba na kumalizika Desemba, na wa pili huanza Februari hadi Juni, ili wanafunzi wao waende nje na wageni waje bila kugongana. Copenhagen vipindi huanza karibu na Septemba pia, lakini mitihani inaweza kuvuka mwaka ikaingia Januari. Italia mitihani ya muhula wa kwanza nayo kwa kawaida hugusa Januari, na vyuo vingine hadi Februari.

Uliza pia habari ya marudio. Ukianguka mtihani wa Desemba, wa marudio uko lini na je, lazima uwepo? Italia ina utaratibu mzuri wa kuweka tarehe kadhaa za mtihani uleule ndani ya kipindi kimoja, na kwenye vyuo vingi mwanafunzi anaruhusiwa hata kuikataa alama aliyopewa na kujaribu tena. Kwingine marudio yanaweza kuja miezi baadaye, wewe ukiwa umesharudi na kibali cha ukaazi kimekwisha. Kwa sababu hiyohiyo usinunue tiketi ya kurudi isiyobadilishika kabla ratiba ya mitihani haijatoka. Bei nafuu ya mapema inavutia, naelewa.

Fedha. Chini ya Erasmus+ chuo kinachokupokea hakiruhusiwi kukutoza ada ya masomo, usajili wala mitihani. Ada yako unaendelea kulipa kwenu kama kawaida. Hili lina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Jimbo la Baden-Württemberg, ambako Mannheim iko, tangu 2017 linawatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na wewe kwa kuja kupitia makubaliano ya vyuo umesamehewa. Utalipa mchango mdogo wa huduma za wanafunzi, kama mwenyeji anavyolipa.

Posho ya Erasmus+ kwa wanaotoka nchi washirika wa nje ya Ulaya ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kulingana na nchi unayokwenda, pamoja na mchango wa nauli unaokokotolewa kwa umbali. Inatosha kuishi kwa nidhamu, ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni viza. Muhula unazidi siku 90, kwa hiyo viza ya kawaida ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi, haikufai. Unahitaji viza ya muda mrefu ya nchi husika au kibali cha ukaazi, na kila nchi ina kipimo chake cha fedha. Ujerumani, tangu Septemba 2024, kipimo kwa mwanafunzi ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, na njia yao maarufu ya kuthibitisha ni akaunti maalumu ambayo unaijaza kabla ya safari, kisha unaruhusiwa kutoa kiasi cha mwezi mmoja kila mwezi. Barua ya ufadhili inapunguza kiasi hicho. Hata ukipewa euro 900, bado kuna pengo la 92 kila mwezi, kwa hiyo kwa miezi mitano andaa kama euro 460 za kuziba. Hapo ndipo kile kidogo cha wazazi kinapohitajika. Waambie mapema kiasi na tarehe, kwani mtu aliyeambiwa miezi sita kabla hupata njia ambayo hangeipata akiambiwa kesho.

Mtego wa pili ni mpangilio wa malipo. Posho mara nyingi hulipwa kwa awamu, sehemu kubwa mwanzoni na iliyobaki baada ya kurudisha karatasi za mwisho, na hiyo ya mwanzoni inaweza kuchelewa mpaka uwe na akaunti ya benki ya kule, ambayo nayo inataka anwani, ambayo nayo inataka chumba. Wakati huo mwenye nyumba anadai kodi na dhamana. Ujerumani sheria inamruhusu dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu huduma. Ongeza shuka, sufuria, laini ya simu, bima ya afya, tiketi ya usafiri wa mwezi. Mwezi wa kwanza humeza fedha kuliko mwingine wowote. Uwe na za kujitegemea bila kuigusa posho hiyo kwa mwezi na nusu hivi.

Chumba kiombe siku ileile utakapopokea barua ya kukubaliwa. Siku ileile, si wikiendi. Vyuo vingi hutenga vyumba kwa wanafunzi wa kubadilishana, na ukikosa hapo unaingia kwenye soko la kawaida, ambalo kwa Milan na Copenhagen ni kali. Matapeli wanalijua hilo. Tangazo lina picha nzuri na kodi ya chini, mwenye nyumba anasema yuko nchi nyingine, ufunguo atautuma kwa posta, wewe tuma tu dhamana. Usitume. Bora ukae hosteli wiki mbili ukitafuta kwa miguu yako.

Ukifika, makaratasi hayangoji uzoee. Italia ombi la kibali cha ukaazi linatakiwa ndani ya siku nane za kazi, kupitia ofisi ya posta. Ujerumani sheria inataka usajili wa anwani ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Denmark ukikaa zaidi ya miezi mitatu unasajiliwa kwa namba ya CPR, namba ya utambulisho wa mkazi, na namba hiyo ndiyo mlango wa daktari, benki na mengine yote. Fanya haya kabla ya kuanza kupiga picha.

Sasa niseme kidogo kuhusu darasani, maana humo ndimo kuna kitu ambacho hukipati kwa kusoma vitabu vyao ukiwa nyumbani. Chagua angalau kozi moja ambayo mji wenyewe ni maabara yake. Mannheim, Carl Benz aliandikisha hataza ya gari lake mwaka 1886 akiwa hapo. Ng'ambo ya mto Rhine, Ludwigshafen, kuna BASF na kiwanda chake cha kemikali kikubwa mno. SAP, kampuni ya programu za kompyuta, ina makao yake Walldorf, si mbali. Ukichukua kozi ya utawala wa makampuni hapo utasoma sheria ya 1976, inayosema kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 lazima nusu ya viti vya bodi ya usimamizi viwe vya wawakilishi wa wafanyakazi. Kwenye vitabu vingi vya mkakati mwenye hisa ndiye mwenye kauli, na hapa uko kwenye uchumi mkubwa uliojengwa kwa mpangilio mwingine. Copenhagen wana la kwao: Carlsberg ya bia, Novo Nordisk ya dawa na Maersk ya meli zote zinadhibitiwa na taasisi za wakfu, mfumo ambao mwekezaji mwenye haraka hawezi kuununua kirahisi. Milan ni familia zinazomiliki biashara kizazi hadi kizazi, mitindo, na samani za ukanda wa Brianza, wenye maonyesho yao ya Salone del Mobile ambayo yamekuwepo tangu 1961. Hayo huwa Aprili, kwa hiyo wewe wa Septemba utayakosa.

Namna ya kufundisha inawashtua wengi kuliko lugha. Copenhagen utamwita profesa kwa jina lake la kwanza, na mwanafunzi anayekaa kimya kwa heshima atahesabiwa hana la kusema. Kwenye kozi zinazotumia visa vya makampuni, ukifika bila kukisoma kisa hicho huna pa kujificha, na mahali pengine kuchangia darasani kuna alama. Denmark mitihani mingi ni ya kuandika ripoti kwa kundi kisha kila mmoja anaitwa peke yake kuitetea mdomo kwa mdomo, mara nyingi akiwepo mtahini wa kutoka nje. Aliyejificha nyuma ya wenzake anajulikana ndani ya dakika mbili. Italia nako mtihani wa mdomo ni jambo la kawaida. Kama hujawahi kufanya mtihani wa kuongea, anza mazoezi sasa: chukua kisa kimoja, mpe rafiki karatasi ya maswali, ajitahidi kukubana.

Ujerumani kuna jambo dogo ambalo huwachanganya wageni wanaosikia kwamba Wajerumani hawachelewi hata sekunde. Kwenye ratiba ya chuo, kipindi kilichoandikwa "saa nne c.t." huanza saa nne na robo, kikiandikwa "s.t." huanza saa nne kamili. Robo hiyo ni desturi ya zamani ya vyuo vikuu vyao. Haipo kwenye mabenki wala kwa daktari, usijaribu.

Kazi za kundi zinahitaji ujanja kidogo. Wageni huvutana: wiki ya kwanza mnakutana kwenye shughuli za kuwakaribisha, mnaunda kundi la watu watano wa nchi tano, wote mko safarini kila Ijumaa. Mwezi wa pili ripoti haijaandikwa. Omba kundi lenye wenyeji angalau wawili, hata kama mwanzoni mazungumzo yao hayana ladha. Wana sababu ya kutaka alama, wanajua mwalimu anapenda nini, na ndio watakaokukaribisha kwao. Safari za hapa na pale nenda, Schengen iko wazi kwako ukiwa na kibali halali, mradi usifikiri Ireland imo; ile ina viza yake.

Kibarua kisiwe sababu ya kuchagua nchi. Ni kweli Ujerumani tangu Machi 2024 inaruhusu wanafunzi wa nje siku 140 kamili za kazi kwa mwaka. Lakini muhula wako ni miezi minne ya masomo, wiki za kwanza zinaishia kwenye makaratasi, na kazi nyingi za maana zinataka Kijerumani. Saa ulizopanga kusoma ndizo zitakazoliwa. Lugha yenyewe jifunze ya salamu, duka na basi kabla ya kuondoka. Masomo yako yatakuwa kwa Kiingereza.

Jambo la giza nalo nilitaje. Copenhagen mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Kuna watu halitawagusa, na kuna watu huanza kulala mchana, wanaacha vipindi, hawaelewi kimewapata nini. Toka nje kila siku mchana hata kukiwa na mawingu, na ukiona wiki mbili zimepita huna hamu ya chochote, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Wamezoea kuulizwa hilo.

Kabla ya kuondoka Ulaya, hifadhi kwenye barua pepe yako muhtasari wa kila kozi, maswali ya kazi ulizofanya na nakala ya ripoti zako, kwa maana ukishafungiwa akaunti ya chuo huvipati tena. Matokeo rasmi hutumwa baada ya alama zote kutangazwa, na mpango unataka yafike ndani ya wiki tano tangu hapo. Wewe ndiye wa kuyafuatilia. Yakifika, yapeleke idarani pamoja na mkataba wenye saini tatu, usubiri mpaka uone kozi zimeingia kwenye rekodi yako.

Kwa hiyo, kwa mtu anayeondoka Septemba, mwenye fedha za kuhesabu na hofu ya kupoteza mwaka, ningeandika Mannheim kwanza: muhula unaisha Desemba, na mji si ghali kama hiyo miwili. Anza kuomba nafasi ya viza mapema, ubalozi una foleni. Copenhagen ya pili, Milan ya tatu. Jambo moja tu lingenifanya nibadilishe: kama kwenye mtaala wako muhula huo kuna uhasibu wa lazima, na muhtasari wa Mannheim ukaonyesha HGB mwanzo hadi mwisho, basi Copenhagen inapanda juu, ilimradi idara yako ikubali kozi nne badala ya sita na iandike hivyo, na wewe uombe chumba siku hiyohiyo barua itakapofika.